Kifurushi cha Nzi na Mpaka wa Busia

Mwaka 2025 ulileta habari mbili za wadudu humu nchini Kenya, na kila moja ilipita njia yake kana kwamba hazina undugu.

Ya kwanza ilitoka mahakamani Nairobi mwezi wa Mei. Vijana wawili Wabelgiji wenye umri wa miaka 19, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja walihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni moja kila mtu, au kukaa jela miezi 12, kwa kosa la kupatikana na sisimizi hai bila kibali. Wabelgiji hao walikutwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000, wakiwamo malkia, wametiwa ndani ya vichupa vidogo vyenye pamba. Hao ni sisimizi wakubwa wavunao mbegu, na huko Ulaya na Asia wako watu wanaowafuga majumbani kwa starehe na kuwanunua kwa bei ya juu.

Ya pili ilikuja mwezi wa Agosti. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeushinda ugonjwa wa malale hata si tishio tena kwa afya ya umma. Mtu wa mwisho kuambukizwa miongoni mwa wenyeji alionekana mwaka 2009, na baada yake wageni wawili waliochukua ugonjwa huo Masai Mara mwaka 2012. Tangu hapo, kimya.

Kwa mtu wa Busia au Malaba, habari hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu na mlango wake. Pwani ya Samia, mabonde ya Mto Sio na Mto Malaba, na vichaka vya Teso vimekuwa makao ya mbung'o tangu zamani. Hospitali ya taifa ya wagonjwa wa malale ilikuwa Alupe, kando ya barabara itokayo mjini Busia kwenda Malaba. Lakini tukizitazama kwa makini, habari hizi mbili zinauliza swali moja: ni nani anayemwokota mdudu, anampeleka wapi, na faida yake inamrudia nani?

Swali hilo lina historia ndefu hapa mpakani. Historia hiyo inaonyesha kwamba ushindi wa Agosti 2025 ulianza na vifurushi vya nzi waliokusanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Yaonyesha pia kwamba vifurushi hivyo vikikoma, ushindi wenyewe utakuwa mashakani.

WAGENI WENYE KARATASI NA NYAVU

Mwezi wa Desemba mwaka 1883 kijana mmoja wa Kiskoti aitwaye Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 25, alifika ukingo wa Ziwa Victoria upande wa Samia. Alikuwa ametumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London atafute njia ya kufika ziwani kwa kupita nchi ya Wamaasai. Alikuja na wapagazi wa pwani, na sehemu kubwa ya safari hiyo aliongozwa na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za bara kuliko Mzungu yeyote. Alipita Kwa Sundu, mji ambao leo tunauita Mumias, kisha akashuka hadi ziwani.

Watoto wetu shuleni husoma kwamba Thomson alikuwa mvumbuzi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba alikuwa pia mkusanyaji. Mimea aliyoichuma katika milima ya Afrika Mashariki ilipelekwa katika bustani ya Kew karibu na London, nao mabingwa wa huko wakaiandika orodha na kuichapisha. Swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayejaa katika mbuga za Maasai, aliandikwa rasmi mwaka 1884 na bwana Günther wa Makumbusho ya Uingereza, akaitwa swala wa Thomson. Bila shaka Wamaasai walikuwa na jina lao la swala huyo kabla babu yake Thomson hajazaliwa.

Baada ya Thomson akaja Frederick Jackson. Mwezi wa Novemba 1889 msafara wake wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ulipiga kambi Mumias. Kisha akaondoka kwenda Mlima Elgon kutafuta pembe za ndovu. Alipokuwa huko, Mjerumani Carl Peters alipita Mumias, akazifungua barua zilizotoka Uganda kwa ajili ya Jackson, akazisoma, akakimbilia kwa Kabaka Mwanga kutia mkataba. Wanahistoria wamekicheka kisa hicho miaka mingi. Lakini Jackson alikuwa na mapenzi ya pili mbali na siasa, nayo ni ndege na vipepeo. Mwaka 1891 orodha ya vipepeo wake ilianza kuchapishwa London na binti aitwaye Emily Mary Sharpe, ambaye baba yake, Richard Bowdler Sharpe, ndiye aliyekuwa akiwapa majina ndege wa Jackson huyo huyo. Mkusanyaji huyo mwishowe alikuwa Gavana wa Uganda kuanzia 1911 hadi 1918, na kinyonga mwenye pembe tatu anaitwa kwa jina lake hadi leo.

Wa tatu ni Charles Hobley, aliyekuja Mumias mwaka 1895 kutawala kwa niaba ya serikali ya Kiingereza. Yeye na Jackson walikuwa miongoni mwa wale walioanzisha, mwaka 1909 mjini Nairobi, Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Chama hicho ndicho kilichozaa jumba la makumbusho ambalo baada ya uhuru liliitwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa hiyo, mtu akiingia katika jumba lile la Nairobi leo, anaingia katika nyumba ambayo baadhi ya waasisi wake walijifunza nchi hii wakiwa Mumias, safari ya siku chache tu kwa miguu kutoka Busia.

BIASHARA ISIYO NA FEDHA

Huenda msomaji akauliza: watu hawa walikuwa wakitafuta nini katika majani na vipepeo?

Kazi yenyewe haikuwa ya fahari. Tawi lenye ua lilibanwa katikati ya karatasi, na karatasi zikabadilishwa mara kwa mara mpaka mmea ukauke bila kuoza. Kipepeo alikunjwa mbawa akatiwa ndani ya karatasi iliyofungwa pembe tatu. Nzi alichomwa pini. Adui walikuwa unyevu, kuvu na mchwa. Kabla reli haijafika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, mzigo huo ulibebwa kichwani hadi pwani, siku nyingi za mwendo, ndipo upakiwe melini.

Lakini thamani ya mzigo haikuwa katika jani wala katika bawa. Ilikuwa katika kijikaratasi kilichofungwa pembeni, chenye mambo matatu: mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Kipepeo asiye na kijikaratasi ni pambo la ukutani. Kipepeo mwenye kijikaratasi ni shahidi. Anasema, 'Nilikuwapo hapa, siku hii.' Hata miaka 100 ikipita, shahidi huyo hawezi kubadilisha maneno yake.

Mashahidi hao walibadilishwa kama wazee wabadilishavyo mbegu za mtama. Mkusanyaji alichuma matawi kadhaa ya mmea mmoja. Moja lilibaki Kew, jingine likaenda Berlin, jingine Paris, na kila mahali pakatuma cha kwake. Hakuna fedha iliyopita mkononi. Malipo yalikuwa elimu, na kwa mwenye bahati, jina lake kubandikwa juu ya kiumbe.

Faida ya kubadilishana ilionekana wazi mwezi wa Machi 1943, mabomu ya vita yalipoiteketeza hifadhi ya mimea ya Berlin. Mimea mingi ya Afrika Mashariki, hasa ya Tanganyika iliyokuwa koloni la Wajerumani, iliungua siku hiyo. Mimea ambayo nakala zake zilikuwa zimepelekwa kwingine iliokoka. Ile iliyokuwa Berlin peke yake ilipotea. Hapo ndipo inapobainika kwamba kugawana elimu ni sawa na kuweka akiba katika ghala zaidi ya moja.

NZI WA MWAKA 1903

Sasa tuje kwenye kisa kinachoihusu Busia moja kwa moja.

Mwezi wa Februari 1901 madaktari ndugu wawili wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda. Ndani ya miaka michache watu zaidi ya 200,000 walikufa, wengi wao Busoga, katika visiwa na kando ya ziwa. Ugonjwa haukusimama kwenye mto wowote. Ulishuka hadi pwani za Kavirondo, nchi ya Wasamia na majirani zao. Daktari Cuthbert Christy alitumwa mwaka 1902 kuzunguka ukingo wa ziwa na kuandika ni wapi ugonjwa upo na wapi haupo. Wakati huo wataalamu walidhani mkosaji ni mnyoo mdogo akaaye katika damu. Ramani ya Christy ilisaidia kumwondolea mnyoo huyo lawama, kwa maana alipatikana hata mahali pasipo na malale.

Mwaka 1903 akaja David Bruce, daktari wa jeshi. Castellani, Mwitaliano, alikuwa tayari ameona kwa hadubini vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce naye alikwisha kuthibitisha huko Afrika Kusini kwamba vijidudu vya jamii hiyo huletwa kwa ng'ombe na mbung'o. Hivyo aliuliza swali jepesi: je, mahali palipo na malale pana mbung'o? Na mahali pasipo na malale, je, hapana mbung'o?

Bruce na wenzake wachache hawakuweza kulijibu swali hilo peke yao, hata kama wangetembea miaka kumi. Waliomba msaada. Wamisionari, maofisa wa serikali, Katikiro Apolo Kagwa wa Buganda na machifu waliokuwa chini yake waliombwa watume nzi wanaouma kutoka kila pembe ya nchi, pamoja na habari za wagonjwa. Vifurushi vikaanza kuingia Entebbe kwa wingi. Kila kimoja kilipofunguliwa, alama ilitiwa kwenye ramani: huku nzi, kule wagonjwa. Ramani mbili zilipowekwa pamoja zilifanana: ukanda wa nzi kando ya maji ulikuwa ndio ukanda wa vifo. Mdudu ambaye Waganda walimwita kivu tangu zamani akawa amefumaniwa.

Tuukumbuke ukweli huu. Ugunduzi huo mkubwa haukutoka kwenye hadubini peke yake. Ulitokana na mikono mingi: mvuvi, mchunga ng'ombe, mtoto wa chifu, katekista, kila mmoja akikamata nzi pale alipo na kusema ametoka wapi. Katika vitabu tunasoma jina la Bruce, na la Castellani, na la Austen wa London aliyewachambua nzi wale kwa aina zao. Waliokamata hawasomwi. Kijikaratasi kilikuwa na nafasi ya mahali na tarehe, lakini mkusanyaji aliyeandikwa mara nyingi alikuwa yule aliyefunga kifurushi, siyo yule aliyeumwa na nzi.

Mtindo huo uliendelea. Daktari C. A. Wiggins, aliyefanya kazi Kisumu kisha Entebbe, alipeleka vipepeo wengi sana kwa Profesa Poulton wa Oxford. Mwaka 1904 Neave alichapisha maelezo ya mkusanyiko mkubwa wa vipepeo wa pwani za Ziwa Victoria, na mmoja akapewa jina la Wiggins. Daktari Hale Carpenter, aliyetumwa visiwani kuchunguza mbung'o kuanzia mwaka 1910, alishikana na Poulton huyo huyo kwa barua na vifurushi, akionyesha jinsi vipepeo wengine wanavyoiga rangi za wenzao wachungu ili ndege wasiwale. Kazi yake ilimfikisha mbali, hata mwaka 1933 akakikalia kiti cha Poulton huko Oxford. Hatusemi kwamba watu hawa hawakustahili heshima yao. Tunasema tu kwamba katika visiwa vile walikuwapo wapiga makasia na vijana wa kushika nyavu, na hakuna kipepeo hata mmoja tuliyefundishwa shuleni anayeitwa kwa jina lao.

MPAKA ULIOHAMA, NZI ASIYEHAMA

Yako mambo ya mpaka ambayo kijana wa leo anayevuka Busia kununua sukari huenda hayajui. Mpaka mwaka 1902 hapakuwa na mpaka hapa. Mumias, Samia, Teso na nchi yote hadi Naivasha ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo mkoa ukahamishiwa upande wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia wakajikuta wako pande mbili, na Wateso vilevile. Bruce alipokuwa akitia alama zake mwaka 1903, wino wa mpaka ulikuwa bado mbichi, na nzi waliendelea kuishi huku na huku bila kuulizwa cheti.

Elimu ya mimea nayo ikapata mpaka wake. Wataalamu walioandika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyochukua miaka 60 kutoka 1952 hadi 2012 na kueleza aina zaidi ya 12,000, waligawa nchi zetu kwa herufi na tarakimu. Upande wetu wa Busia na Malaba uko katika K5. Ng'ambo ni U3. Mti uleule, ukiota ukingo huu wa Mto Malaba ni wa K5, na mche wake ukiota ukingo wa pili ni wa U3. Hapo mpaka haukudhuru, kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja na K5 na U3 ziliandikwa katika mstari mmoja.

Uliodhuru ni mpaka wa namna nyingine. Mjini Tororo, mwendo mfupi kutoka Malaba, palikuwa na shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki nzima, lililojulikana kwa kifupi kama EATRO. Ilipozuka malale Alego katika Nyanza miaka ya 1960, wataalamu wa shirika hilo walikuja kuchunguza. Mwaka 1966 Onyango, van Hoeve na de Raadt walitoa ushahidi kwamba kijidudu cha malale kinachowaua watu kinaweza kujificha ndani ya ng'ombe wa kawaida wa boma, ng'ombe anayeonekana mzima. Mtafiti Mkenya, kazi iliyofanywa Nyanza, shirika lenye makao Tororo: huo ndio uliokuwa ushirikiano.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kenya ikaanzisha taasisi yake ya malale huko Muguga, na Uganda ikabaki na Tororo. Sampuli za damu, rekodi za nzi na uzoefu wa miaka mingi vikagawanyika kama mali ya ndoa iliyovunjika. Katika miaka iliyofuata malale ilirudi kwa nguvu Busoga na Tororo, na upande wetu wa Busia haukusalimika.

Somo jingine lilitoka Soroti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 malale ilizuka huko, mahali ambapo haikuwapo. Uchunguzi ulionyesha kwamba iliingia na ng'ombe walioletwa mnadani kutoka sehemu zenye ugonjwa. Mnada mmoja tu ulitosha. Sisi wa mpakani tunajua ng'ombe wangapi wanavuka kwa njia za panya, usiku na mchana.

SHERIA NA MKONO WA JIRANI

Sasa turudi kwenye mwaka 2025.

Kesi ya sisimizi imetukumbusha kwamba zama za mgeni kujaza mkoba na kuondoka zimekwisha, au zinapaswa kuwa zimekwisha. Kenya ina Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Kenya na Uganda zote mbili zimeukubali mkataba wa kimataifa uliofanywa Nagoya, Japani, mwaka 2010, unaosema kwamba anayechukua viumbe vya nchi kwa utafiti au biashara hana budi kupata idhini na kugawana faida na wenyewe. Hilo ni jambo la haki. Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya London pekee ina sampuli zipatazo milioni 80, na sehemu yake ilitoka kwetu bila mtu wa kwetu kuulizwa neno.

Hata hivyo, dawa ya mwizi isigeuke sumu ya mwenye nyumba. Mtafiti leo anahitaji kibali zaidi ya kimoja ili akusanye wadudu, na vibali vingine ili awavushe mpaka. Kwa anayetaka kupeleka malkia wa sisimizi Ulaya, kizuizi hicho ni kizuri. Kwa anayetaka kumpeleka mbung'o kutoka Alupe akafananishwe na mbung'o wa Tororo, kilomita chache tu, kizuizi kilekile ni ukuta. Mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua Busia kituo kimoja cha mpakani, ili lori la mizigo likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Je, nzi wa kuchunguzwa hastahili mlango kama ule wa lori la saruji?

Wako watakaosema, 'Malale imekwisha, ya nini kuhangaika?' Tangazo la Agosti 2025 halikusema kwamba mbung'o wamekwisha. Lilisema kwamba ugonjwa si tishio tena kwa umma. Mbung'o wapo, nagana ya ng'ombe ipo, na mfugaji wa Teso anajua gharama yake kila anaponunua dawa. Uganda, jirani yetu, ilithibitishwa mwaka 2022 kuishinda aina moja ya malale, ile ya upande wa magharibi. Aina inayojificha ndani ya ng'ombe, ambayo ndiyo ya upande wetu, ni habari nyingine. Ikirudi, itarudi kimyakimya, na dalili zake za mwanzo zinafanana na za malaria. Daktari kijana ambaye hajapata kumwona mgonjwa wa malale atatoa vidonge vya malaria na kumrudisha mtu nyumbani. Kitakachotuonya mapema ni macho ya wengi: mtu anayeangalia mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi kando ya Mto Sio, anahesabu nzi, anaandika tarehe.

Na hapa kwetu macho hayo yapo. Mwenyeji wa Busia ni bingwa wa wadudu bila kuitwa hivyo. Tazama msimu wa kumbikumbi. Mama anajua kichuguu kipi kitatoa usiku na kipi kitatoa mchana baada ya mvua. Watoto wanapiga vijiti juu ya kichuguu ili wadudu wadhani mvua imenyesha, na blanketi limetandazwa kuwazuia wasiruke. Huo ni ujuzi wa tabia za wadudu uliopokewa kutoka kwa mabibi, wenye majina yake katika Kiluhya na Kiteso kwa kila aina. Profesa mmoja angehitaji miaka ya kuketi shambani ili aupate.

Mtaalamu aliyeonyesha njia ya kuuheshimu ujuzi wa namna hiyo tunaye. John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa mwaka 1976 kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambamo majina ya lugha zetu yamekaa bega kwa bega na yale ya Kilatini. Mwaka 1998 yeye na Timothy Johns wakatoa kamusi ya viumbe ya Kijaluo. Naye Thomas Odhiambo alianzisha mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akiwa na imani kwamba Mwafrika hana budi kuwa bingwa wa wadudu wanaomsumbua. Watu hawa wawili walikuwa wana wa ziwa hili hili.

MAMBO MATATU

Kwa maoni yetu, yako mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kungoja fedha za wafadhili.

La kwanza ni shule. Kila shule ya sekondari kutoka Port Victoria hadi Malaba yaweza kuwa na sanduku la wadudu na faili la mimea mikavu. Vifaa ni karatasi za magazeti, pini, na kijikaratasi. Alupe sasa pana chuo kikuu, kilichopewa hati yake mwaka 2022. Wanafunzi wake waweza kuwa walezi wa masanduku hayo, na rekodi zikatunzwa pale pale katika wilaya badala ya kupotelea mbali.

La pili ni mlango wa majirani. Idara za mifugo na afya za pande mbili zaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba mbung'o na damu ya ng'ombe kwa ajili ya ulinzi wa malale vivuke Busia na Malaba kwa kibali kimoja kinachotambuliwa na nchi zote mbili. Mahakama na askari wa wanyamapori wabaki na ukali wao kwa wauzaji.

La tatu ni jina. Yeyote atakayekamata nzi, kuchuma jani au kuonyesha kichuguu, jina lake liandikwe kwenye kijikaratasi akikubali, pamoja na jina la kiumbe katika lugha yake. Hili halina gharama. Na makumbusho ya Ulaya yanayopiga picha sampuli zao za kale ili kuzionyesha ulimwengu, yaombwe kuanza na zile zilizoandikwa Kavirondo, Mumias, Samia na Elgon, na nakala za picha hizo zipelekwe Alupe na Nairobi. Mali haiwezi kurudi yote, lakini ushahidi waweza kurudi.

Mwaka 1903 watu wa nchi hii waliombwa nzi wakatoa, na kwa nzi hao maelfu ya watu waliookoka baadaye waliokolewa. Leo mitego ile ile inahitaji mtu wa kuifungua asubuhi, na mtu huyo atatoka Samia, Bukhayo, Marachi, Bunyala au Teso, kama zamani. Tofauti tunayoidai ni ndogo: safari hii, kifurushi kikifunguliwa, pawe na karatasi inayosema ni nani aliyekileta.